Raundi ya Saba, Usiku wa Doldol

Siku za Idi ya mwaka 2024 zilinikuta Doldol, kaskazini ya Nanyuki, kwa mpwa wangu asomeshaye huko. Msomaji wa Lamu au Mombasa ataniuliza mtu wa pwani afuata nini Mukogodo, kwenye baridi ya usiku na vumbi la mbuzi. Nilikwenda kumpa kijana mkono wa Idi, nikamkuta kashikwa na sataranji.

Simu yake ilikuwa ikimletea mashindano ya Toronto, nchini Kanada, ya kumtafuta atakayepambana na bingwa wa dunia, Ding Liren wa Uchina. Wao wakianza saa nane na nusu mchana, Doldol ni saa tatu na nusu ya usiku. Wachezaji ni wanane, na kila mmoja hukutana na mwenziwe mara mbili, mara kwa kete nyeupe na mara kwa nyeusi, raundi 14 kwa jumla.

(Najua wako watakaoniuliza hukumu yake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tuyafuatayo wengi wetu, sataranji isiyo kamari wala kupitisha sala ni makruhu, si haramu. Maulamaa wengine wameiharamisha. Sisemi zaidi, nisije nikaingilia kazi ya masheikh. Alfajiri tuliidiriki.)

Tarehe 11 Aprili ilikuwa raundi ya 7, nusu kamili. Usiku ule Gukesh wa Uhindi, kijana wa miaka 17, alikutana na Alireza Firouzja, mzaliwa wa Iran achezeaye Ufaransa, aliyekuwa na pointi moja na nusu tu katika michezo sita. Kanuni yao ilikuwa saa mbili kwa hatua 40 za mwanzo, bila nyongeza hata ya sekunde. Gukesh aliishiwa na wakati kabla ya kuishiwa na mchezo. Akaharakisha, akakosea, akafungwa. Mrusi Nepomniachtchi akabaki kileleni peke yake kwa pointi 4 na nusu. Gukesh, Praggnanandhaa na Mmarekani Caruana wakawa na 4 kila mmoja.

"Mjomba, mtoto keshakwisha," mpwa wangu akasema, akaifunika simu.

Nilimwambia mbona namu ndiyo kwanza imekwisha, mtaji bado! Ajuaye bao letu anafahamu. Kila mchezaji ana kete 32. Kumi huwekwa ubaoni na 22 hubaki mkononi, zikiingizwa moja moja. Zikisha za mkononi ndipo huingia mtaji, na mchezo hubadilika sura. Nimewaona mafundi wakimaliza namu wakiwa hoi, kisha wakaufagia ubao. Asubuhi yake penye maduka nilikuta wazee wa Kimaasai wakicheza enkeshui, bao lao la safu mbili. Nikamwuliza mmoja nani anashinda. Akanitazama kama niliyemwuliza mwakani mvua itanyesha siku gani, akaendelea kugawa mawe.

Na tuhesabu basi. Nepomniachtchi hakuanguka, alimaliza mashindano bila kufungwa hata mchezo mmoja. Na wanaomwamini walikuwa na haki, maana alikwisha kuyashinda mashindano hayo mara mbili mfululizo. Lakini nusu ya pili alipata 4 tu. Nakamura, aliyekuwa na 3 na nusu na ambaye hatukumtaja usiku ule, alipata 5. Caruana akapata 4 na nusu. Wote watatu wakakomea 8 na nusu. Gukesh naye alipata 5, akafika 9, akashinda. Katika raundi ya 13 alikutana tena na Firouzja, safari hii nyeupe zikiwa zake, akamfunga. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba ni baada ya kipigo kile cha raundi ya 7 ndipo alipohisi kuwa huenda huu ukawa wakati wake. Hilo jedwali halina safu ya kuliandika. Desemba ya mwaka uleule, huko Singapore, alimvua Ding Liren ubingwa akiwa na miaka 18.

Simsemi mpwa wangu kwa ubaya. Mezani pake palikuwa na matokeo ya muhula wa kwanza, majina yamepangwa toka wa kwanza hata wa mwisho, na ya mkiani yamepigiwa mstari mwekundu. Nilimwuliza mstari ule wa nini. Akajibu kuwa hao si wa kupotezea wakati.

Upande wa wanawake jedwali la nusu halikudanganya: Tan Zhongyi wa Uchina aliongoza, na ndiye aliyeshinda. Lakini alikuwako Vaishali, dada yake Praggnanandhaa. Baada ya raundi 7 alikuwa na pointi 2 na nusu. Akafungwa ya 8, akafungwa na ya 9, akabaki na zilezile mbili na nusu. Kisha akashinda tano mfululizo hadi mwisho, akashiriki nafasi ya pili. Mpwa wangu alikwisha kuacha kumfuata. Michezo hiyo mitano hakuuona hata mmoja.