Pua Ndiyo Mizani ya Chai ya Kijani



Juma hili tulikuwa Donholm, Nairobi, kwa dada yetu aliyehamia huko kutoka Mombasa. Ameanza biashara ndogo: hununua chai ya kijani kwa jumla, huifunga katika pakiti na kuwauzia majirani. Alitufungulia mfuko mpya wa kilo 10. Tuliponusa, tulitazamana. Ilinuka kama karatasi kuukuu, na mtaji wake wote ulikuwa mle.

Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka katika mti mmoja. Ya kijani hupitishwa mapema kwenye mvuke au kikaangio ili majani yasigeuke rangi, na hivyo hubaki na harufu zake laini. Wataalamu wamezitambua kemikali zinazozibeba. Heksenoli hunukia jani bichi lililokatwa. Linalooli hunukia maua, nayo imo pia katika rehani na giligilani. Jeranioli ndiyo ile iliyomo katika waridi. Hewa, mwanga, joto na unyevu huziondoa hizo, na mahali pake huja harufu ya kuchakaa.

Basi kabla ya kununua, tunuse majani makavu. Nyumbani, tusiyamwagie maji yanayotokota. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na maji huchemka hapo kwenye nyuzi 95 hivi. Hata hayo ni moto mno. Tuyaache yapoe hadi nyuzi 80, tufunike chai dakika mbili, kisha tunuse majani yaliyoloa. Yakinukia ubichi, maua au kokwa zilizokaangwa, ni mazuri. Yakinuka karatasi, nyasi kavu au ukungu, tuyaache.

Tukumbuke pia kwamba chai hufyonza harufu upesi. Wachina hutengeneza chai ya asmini kwa kulaza maua pamoja na majani. Sifa hiyohiyo hutuharibia jikoni, tunapoiweka chai kando ya karafuu au ubani. Tuihifadhi katika kopo lisilopitisha hewa wala mwanga.

Mmoja wetu alimshauri dada yetu atie iliki na mdalasini, kwani hakuna atakayejua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Hawa ni majirani zangu. Wataniamini kwa pua yao au kwa ulimi wangu?" Aliufunga mfuko, akaurudisha kwa aliyemwuzia, akarejeshewa nusu ya fedha zake. Nusu iliyobaki ameihesabu kuwa ada ya kujifunza, na sasa hanunui asichokinusa.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sisi tulioagana naye mlangoni tumemwekea oda ya mfuko utakaofuata.

Wabillahi tawfiq.