Msimbo wa kunakili: somo nililopata Kipsing

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, na sababu ya ukimya huo ndiyo mada ya leo. Nilikuwa Kipsing, kaunti ya Isiolo, nikirekebisha kosa ambalo ningeweza kulimaliza nikiwa Nairobi.

Kisa chenyewe ni hiki. Shule moja huko ina kompyuta ndogo ya Linux inayogawa masomo kwa waifai. Wanafunzi wanaunganisha tableti zao na kusoma vitabu vilivyomo ndani, bila kuhitaji intaneti. Kifaa cha waifai tulichopata, kile cha kuchomeka kwenye USB, hakikuwa na draiva ndani ya kerneli. Kwa hiyo nilitafuta draiva ya zamani, nikaifanyia marekebisho. Kwa asiyejua, draiva ni programu inayojua lugha ya kifaa fulani: inapokea data kutoka kwenye chipu na kuikabidhi kwa mfumo endeshi.

Draiva ile ilikuwa na njia mbili za kupokea data. Ya kwanza inatumika chipu inapoleta fremu moja moja. Ya pili inatumika shughuli zinapokuwa nyingi: chipu inafunga fremu kadhaa pamoja na kuzileta kwa mkupuo mmoja ili kuokoa muda. Kila fremu inaanza na namba inayotaja urefu wake, na draiva ilikuwa inaiamini namba hiyo bila kuuliza. Namba ikiwa kubwa kuliko data iliyopo, draiva inaendelea kusoma kumbukumbu isiyoihusu, na hapo mashine inaweza kuganda.

Nililiona kosa hilo mapema. Nikaongeza ukaguzi kwenye njia ya kwanza, nikajaribu kwa simu yangu moja, mambo yakawa shwari. Kompyuta ikasafirishwa. Nisichokiangalia ni kwamba njia ya pili ilikuwa imenakiliwa kutoka ya kwanza, karibu neno kwa neno, pamoja na kosa lake. Kwa simu moja, njia hiyo ya pili haikuguswa hata mara moja. Darasa zima lilipounganisha tableti, ikaguswa.

Mwalimu akanipigia simu: "Fundi, mashine yako inafanya kazi vizuri sana, ila wanafunzi wakiwa hawapo."

Kipsing si mahali pa kusema nitapitia jioni nikitoka kazini. Unafika kwanza Isiolo mjini, unatafuta gari, unakula vumbi, na mvua ikiwa imenyesha unasubiri mto upungue. Safari yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya ukaguzi ambao tayari nilikuwa nimeuandika, lakini mahali pamoja kati ya mawili.

Nilipofika sikuunakili tena kwenye njia ya pili. Niliutoa nje, nikaupa jina:

    static bool fremu_ni_sawa(const u8 *p, size_t baki)
    {
            return baki >= KICHWA && urefu(p) <= baki - KICHWA;
    }

Sasa njia zote mbili zinauliza swali hilo hilo kwa funksheni hiyo hiyo. Kazi ya kuikabidhi fremu kwa mfumo endeshi nayo nikaiweka mahali pamoja. Njia ya pili ikabaki kitanzi kifupi tu: chukua fremu, kagua, kabidhi, sogea mbele.

Haya, tuje kwenye hoja yangu. Waandishi wengi wa programu wanachukulia kupunguza msimbo unaojirudia kuwa ni usafi tu, kama kufagia uwanja kabla wageni hawajafika: ukipata nafasi unafanya, usipopata si neno. Mimi nasema hapana. Kila nakala ni mahali ambapo kiraka kinaweza kusahaulika. Na anayeumia kiraka kikisahaulika ni mtumiaji mwenye kifaa cha bei rahisi, aliye mbali na fundi. Mwandishi mwenyewe mara nyingi hata habari hapati.

Linux yenyewe ilijifunza hili kwenye waifai. Zamani draiva kadhaa zilibeba kila moja namna yake ya kutafuta mitandao, kujiunga na kusimba data, ingawa kiwango cha 802.11 ni kimoja kwa wote. Mwaka 2007, katika toleo la 2.6.22, kerneli ikaingiza mac80211, tabaka la pamoja lililotokana na msimbo wa kampuni ya Devicescape. Draiva inayotumia tabaka hilo inabaki na kazi yake halisi ya kuzungumza na chipu. Mambo ya kiwango yanashughulikiwa mahali pamoja.

Faida yake ilionekana wazi Mei 2021. Mtafiti Mathy Vanhoef alitangaza kasoro 12 za waifai alizoziita FragAttacks. Tatu zilitoka kwenye muundo wa kiwango chenyewe, na zilizobaki zilikuwa makosa ya waandishi wa programu. Nyingi zilihusu jinsi vipande vya fremu vinavyounganishwa upya. Kwenye Linux, viraka viliwekwa ndani ya mac80211, na draiva zilizoiachia kazi hiyo zikafaidika kwa mkupuo mmoja. Lakini ath10k na ath11k, ambazo sehemu ya kazi hiyo zinaifanya kwa njia yao, zilihitaji viraka vyao zenyewe. Sasa fikiria hali ingekuwaje kama kila draiva ingekuwa na nakala yake. Nani angezipitia zote? Na ile ya kifaa ambacho hakiuzwi tena madukani, nani angeikumbuka?

Najua kuna watakaonipinga, na wana hoja. Kufanana si kuwa kitu kimoja. Intel waliwahi kuwa na draiva moja, e1000, kwa kadi za mtandao za vizazi vingi. Ilizidi kujaa masharti ya "kama ni chipu hii fanya hivi, kama ni ile fanya vile", mpaka kugusa sehemu ya chipu mpya ikawa hatari kwa zile za zamani. Kwenye toleo la 2.6.24, Januari 2008, ikaja draiva ya pembeni, e1000e, kwa ajili ya kadi za PCI Express. Waliongeza msimbo unaofanana kwa makusudi, na mimi naona walifanya vyema.

Basi tunapimaje? Mimi nina swali moja tu: hiki kikibadilika kesho, je, kile nacho ni lazima kibadilike? Kama jibu ni ndiyo, viwe kitu kimoja. Ukaguzi wa urefu wa fremu haubadiliki kwa sababu fremu zimekuja nne badala ya moja, kwa hiyo hauna sababu ya kuandikwa mara mbili. Lakini kama ni chipu mbili zinazofanana leo kwa bahati tu, ziache kila moja na msimbo wake.

Ushauri wa mwisho kwa wanaotaka kujaribu. Usichanganye tiba na usafi katika kiraka kimoja. Kwanza rekebisha kosa kwenye nakala zote, kwa kiraka kidogo ambacho hata mwenye kerneli ya zamani anaweza kukichukua. Kisha zifanye nakala zifanane kabisa, hatua kwa hatua, ukijaribu kila hatua. Mwisho kabisa ziunganishe. Ukigundua kwamba hazifananishiki, huenda umegundua kosa la pili, au huenda ni vitu viwili tofauti kweli. Vyovyote iwavyo, umejua kabla ya mtumiaji wako kujua.

Na jaribu kwa tableti nyingi, si kwa simu yako moja!

Kabla sijaondoka, darasa zima liliunganisha tena tableti zote kwa pamoja. Mashine haikuganda. Mwalimu akaniuliza kama nimeongeza kitu gani kipya. Nikamwambia, mwalimu, sikuongeza, nimepunguza.

Naomba kuwasilisha.