Mlo Mmoja Usio na Moto: Salata ya Nyumbani Katika Joto la Juba



Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi wetu mlioko majumbani, leo tuzungumzie jambo linaloonekana dogo, la jikoni tu, kumbe limebeba mengi. Ni salata. Salata hii hii ya nyanya, tango na kitunguu ambayo sisi tuliotoka Kenya, Uganda na pwani tunaiita kachumbari, na hapa Juba hutiwa ndimu na dakwa, yaani karanga zilizokaangwa na kusagwa laini.

Rai yangu naisema mapema. Katika miezi ya joto kila familia iwe na mlo mmoja kwa siku usiowashiwa moto, na mlo huo uandaliwe na nyumba nzima, si mama na binti peke yao.

KIANGAZI CHETU SI CHA JULAI

Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wakisema likizo ya kiangazi, wanakusudia Juni mpaka Agosti. Hapa Juba miezi hiyo ni ya mvua. Joto letu liko baina ya Desemba na Machi, na Februari na Machi ndiyo hasa miezi ya kuungua, kabla mvua hazijashika.

Wengi mnakumbuka yaliyotokea. Machi 2024 serikali ilifunga shule zote nchini kuanzia tarehe 18, kwa kuwa ilitabiriwa joto lingefikia nyuzi 45. Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa ndiyo kwanza ina wiki moja. Februari 2025 shule zikafungwa tena kwa wiki 2, maana watoto walikuwa wanazimia madarasani. Wizara ya Elimu ilisema kwamba hapa Juba peke yake walikuwa wanaanguka wastani wa wanafunzi 12 kwa siku. Wazazi tukaambiwa tuwaweke watoto ndani, wasicheze juani.

Ushauri ni mzuri. Lakini ndani ni wapi? Nyumba nyingi za mji huu zimeezekwa mabati, na saa nane mchana ndani ya mabati kuna joto kuliko chini ya mwembe. Umeme wa kuendesha feni si wa kila nyumba. Na katikati ya hali hiyo kuna jiko la mkaa linawaka, na mtu amelikalia kitako tangu asubuhi. Mtu huyo ni nani? Sote tunamjua.

SHULE IKIFUNGWA, NANI ANAPUMZIKA?

Hapa ndipo penye uzito wa maneno yangu. Shule inapofungwa kwa ajili ya joto, mtoto wa kiume mara nyingi hupata likizo. Hutafuta kivuli, hukaa na wenzake, hurudi chakula kikiwa tayari. Mtoto wa kike hupata kazi. Atachota maji, atachochea mkaa, atasonga ugali, ataosha vyombo, kisha jioni aambiwe asome. Amri iliyotolewa ili kumwokoa na joto la darasani imemhamishia kwenye joto kali zaidi la jikoni.

Mimi sioni kuwa huo ni uadilifu, na dini yetu haijatufundisha hivyo. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na ukifika wakati wa Swala akitoka kwenda kuswali. Hadithi hii imo katika Bukhari. Sasa kijana wa miaka 15 anayeona aibu kushika kisu akakata nyanya, aibu hiyo ameitoa wapi? Si katika Sunna.

Salata ni mahali pepesi pa kuanzia. Haihitaji ufundi wa miaka. Haina mvuke wala moshi. Mtoto wa miaka 6 anaweza kuchambua majani, wa miaka 12 akamenya matango, kijana akakata vitunguu, baba akakamua ndimu na kuchanganya dakwa. Mama siku hiyo akae kivulini. Dakika 20 zinatosha.

SALATA YENYEWE

Kwa watu 6 au 7 chukueni nyanya 5 zilizoiva lakini ngumu, matango 2, kitunguu kikubwa 1, fungu 1 la jirjir, ndimu 2, vijiko 3 vya kula vya dakwa, na chumvi kiasi. Pilipili mbichi iwekwe pembeni kwa wanaoitaka.

Kitunguu kikatwe chembamba, kifikichwe kwa chumvi, kisuuzwe kwa maji safi na kukamuliwa. Hapo ukali hupungua. Dakwa ikorogwe peke yake katika kikombe pamoja na maji ya ndimu na maji safi kidogo kidogo, mpaka iwe laini kama uji mwepesi. Nyanya, matango na jirjir vikatwe mwisho kabisa, kisha dakwa imwagiwe juu wakati watu wameshakaa kula. Ukichanganya mapema nyanya zitatoa maji na jirjir italegea.

Wapo watakaosema, "Salata si chakula, mwanamume hashibi majani." Ni kweli, salata ya nyanya peke yake haishibishi. Lakini karanga zina mafuta na protini. Ongezeni mayai yaliyochemshwa alfajiri, au fuli iliyopikwa asubuhi wakati kuna baridi kidogo, na kisra inayouzwa tayari na kina mama sokoni. Hapo mmepata mlo kamili wa mchana, na jiko limelala. Tena tango karibu lote ni maji, sehemu 95 katika 100, na nyanya haiko mbali nalo. Siku ambayo mwili unatoka jasho mfululizo, chakula chenye maji ni msaada, ingawa hakichukui nafasi ya maji ya kunywa.

Wala si jambo geni kwetu kutumia chakula kupoza mwili. Imepokewa kwa Abdullah bin Ja'far (r.a.) kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akila tango pamoja na tende mbivu. Na katika Sunan Abi Dawud imo kuwa alikula tikiti kwa tende mbivu, akaeleza kuwa ubaridi wa hili huvunja joto la lile. Basi wakati wa kufuturu, badala ya kuanza na sambusa zilizotoka kwenye mafuta yanayochemka, tukianza na tende, maji na vipande vya tango, tutakuwa tumefuata njia nzuri na tumemwondolea mpishi saa nzima mbele ya karai.

Na hili si la mwaka mmoja. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa miladia. Mwaka 2026 ilianza katikati ya Februari, na miaka michache ijayo itaangukia Januari, kisha Desemba. Yaani itaendelea kutukuta ndani ya kiangazi chetu. Ni bora tujipange sasa.

Adabu moja tusiisahau. Mtume (s.a.w.) amemkataza aliyekula kitunguu kibichi au thumu asiukaribie msikiti kwa harufu yake. Kwa hiyo anayekwenda kuswali Adhuhuri au Tarawehe msikitini amwekewe sehemu yake isiyo na kitunguu. Ndiyo sababu nyumba nyingine huweka kitunguu katika sahani ya peke yake, na huo ni utaratibu mzuri.

MOTO ULIOACHWA, USAFI USHIKE NAFASI YAKE

Hapa naomba tusifanye mzaha. Chakula kilichopikwa husafishwa na moto. Salata haina moto, kwa hiyo kila uchafu uliomo utafika tumboni. Oktoba 2024 serikali ilitangaza mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Renk, ukaenea mpaka hapa Juba na katika majimbo mengine. Mji wetu uko ukingoni mwa Nile, lakini familia nyingi hununua maji ya maboza au ya jerikeni. Maji ya boza si ya kusuuzia nyanya moja kwa moja.

Basi zishikwe kanuni hizi:

1. Maji ya kuoshea mboga yawe yamechemshwa na kupoa, au yametiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Kuchemsha kufanywe alfajiri, baada ya Swala, kabla jua halijapanda.

2. Mikono ya kila anayeshiriki ioshwe kwa sabuni. Kisu na ubao viwe safi, visiwe vilivyokatiwa nyama.

3. Mboga zioshwe zikiwa nzima, ndipo zikatwe. Nyanya iliyopasuka iende kwenye mchuzi wa jioni.

4. Msinunue salata iliyokatwa tayari barabarani wala tikiti lililopasuliwa. Nunueni zima.

5. Siku ambayo hamna uhakika wa maji, acheni jirjir, kwa kuwa majani ni magumu kusafishika. Nyanya na matango navyo ngojeni mpaka mpate maji ya kuaminika.

6. Salata iliwe hapo hapo. Joto likipita nyuzi 32, chakula kama hiki kisikae nje zaidi ya saa 1. Iliyobaki msiwawekee watoto mpaka jioni. Ni afadhali kutengeneza kidogo, kikaliwa kikaisha, kwani israfu nayo imekatazwa.

Kuhusu ndimu, kuna faida ambayo wengi hawaijui. Watafiti waliochunguza milipuko ya kipindupindu Guinea-Bissau miaka ya 1990 walikuta kuwa watu waliokula chakula kilichotiwa maji ya ndimu walipata kinga kwa kiasi fulani, kwa sababu kijidudu cha kipindupindu hakipendi ukali. Lakini ndimu ni msaidizi. Mwenye maji machafu asijidanganye kuwa ndimu 2 zitamwokoa.

KARANGA ZETU, NYANYA ZA NJIA YA NIMULE

Tukubali pia kwamba nyanya haipatikani bure. Sehemu kubwa ya nyanya na vitunguu vinavyouzwa Konyo Konyo na Custom hutoka Uganda, vinapitia Elegu na Nimule, kisha barabara ya kilomita 192 iliyokamilishwa lami mwaka 2012. Njia hiyo ikichafuka, sahani zetu zinajua. Mwaka 2021 madereva wa malori waligoma kwa ajili ya usalama wao baada ya wenzao kuuawa barabarani, na mizigo ikakwama mpakani. Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na manufaa ya uanachama huo mama wa nyumbani huyapima kwa bei ya nyanya.

Kwa sababu hiyo salata isiwe mzigo mpya. Wiki ambayo nyanya ni ghali, tieni 2 badala ya 5, mzidishe tango na dakwa. Karanga zinalimwa hapa hapa nchini. Zichambueni vizuri kabla ya kukaanga, mtupe zote zenye ukungu, maana ukungu wa karanga una sumu ambayo moto hauiondoi yote. Mboga za majani nyingine hulimwa hapo karibu, katika kisiwa cha Gondokoro, na anayenunua huko anamsaidia mkulima jirani. Mwenye kipande cha ua apande jirjir. Huwa tayari kwa kiasi cha mwezi mmoja au zaidi kidogo. Wanafunzi, hiyo ni kazi yenu ya likizo, na ni somo la sayansi lisilohitaji kitabu.

NENO KWA KINA BABA

Najua wapo watakaosema kazi za jikoni zitamharibu mtoto wa kiume. Mimi naona kinyume chake. Vijana wetu wengi huenda kusoma Kampala na Nairobi, wakapanga chumba peke yao. Asiyejua hata kukata tango atakula chipsi za barabarani mwaka mzima, na pesa ya ada itaishia kibandani. Anayejua kujihudumia ataishi kwa heshima, na kesho akioa hatamfanya mke wake kuwa punda wa nyumba. Lakini mtoto hufuata anachokiona. Baba akikaa akisubiri sahani, maneno yote haya ni bure. Baba akisimama akakamua ndimu, mtoto atachukua kisu bila kuambiwa.

Siwaombi muache mchuzi wala ugali. Naomba mlo mmoja tu kwa siku, katika miezi ya joto, ambao hakuna aliyeunguzwa kwa ajili yake. Jaribuni wiki moja. Mpangeni zamu, ziandikwe ukutani, na jina la baba liwe la kwanza.

Allah atupe afya katika majumba yetu, atulindie watoto wetu na joto na maradhi, na atujaalie kuhurumiana. Aamin.

Wabillahi tawfiq.