Muuaji Ana Jina, Aliyeuawa Hana: Funzo la Tsavo

Wapo wanaodai kwamba hamu ya umma ya kusikia visa vya mauaji ni zao la televisheni. Kwa maoni yangu, dai hilo halina mashiko. Mwaka 1888 muuaji wa wanawake wa mtaa wa Whitechapel, London, hakukamatwa, ila magazeti yalilieneza jina la Jack the Ripper hadi likavuma ulimwenguni. Majina ya wanawake wale yanajulikana na wachache.

Nasi tunalo la kwetu hapa Taita Taveta. Mwaka 1898, reli ya Uganda ilipokuwa ikivushwa Mto Tsavo, kaskazini ya Voi, simba wawili waliwawinda wafanyakazi kwa miezi kadhaa hata ujenzi wa daraja ukasimama. Msimamizi wake, J. H. Patterson, aliwaua Desemba mwaka huo. Kitabu chake kilichapishwa 1907. Mwaka 1924 ngozi zikauzwa kwa dola 5,000 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago. Mwaka 1996 ikatoka filamu. Simba si mhalifu mbele ya sheria. Hata hivyo, kisa chao kinasimuliwa kama visa vya wauaji: giza, hofu, msako na shujaa.

Je, waliouawa walikuwa wangapi? Kitabuni Patterson alitaja Wahindi 28, akakiri kwamba Waafrika hawakuwekewa kumbukumbu rasmi. Baadaye alidai jumla ya watu 135. Utafiti wa mifupa na nywele za simba hao, uliochapishwa 2009, ulikadiria watu 35 hivi. Yaani sayansi imeweza kukisoma chakula cha simba katika unywele wake, ilhali majina ya Waafrika walioliwa hatuna.

Sisemi kwamba hamu hiyo ni dhambi. Ngano zetu za mazimwi zinathibitisha kuwa binadamu husimulia hatari ili ajifunze kuikwepa. Kosa ni kumkuza muuaji na kumsahau marehemu.

Kwa hivyo, wanafunzi wenzangu wa fasihi simulizi, tutokapo kwenda nyanjani Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, tusiwaulize wazee habari za simba pekee. Tuwaulize pia: ni nani aliyekwenda kazini relini asirudi? Jibu moja tu, jina moja tu, litakuwa mchango mkubwa kwa taaluma yetu.