Zege Haliuziki

Msalaba wa bibi yangu umeuzwa kwa kilo. Mlinzi wa makaburi, mzee aliyeona haya kuliko mimi, alinionyesha shimo pale kichwani akasema, "Mjukuu wangu, huo umeshafika kwenye mizani." Kuzunguka hapo vigae vilikuwa vimebanduliwa na vibao vya majina vimeng'olewa.

Nikaenda Gerezani, Kariakoo, kuchomelesha mwingine. Fundi akanisikiliza, akazima mashine. "Dada, usipoteze hela. Mwaga zege, andika jina likiwa bichi. Zege haliuziki." Mtu anayeishi kwa chuma ananikataza kununua chuma!

Tumezoea kumlaumu teja. Teja hana mizani. Mwenye mizani ni mfanyabiashara wa vyuma chakavu, mtu mzima, anayepokea msalaba wenye jina na tarehe mbili na kuuliza uzito tu. Hawezi kusema alidhani ni nondo iliyobaki kwenye ujenzi.

Na haya nayaandika nikitoka Kariakoo, mtaa wenye jina la watu wasio na makaburi. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, hapa palikuwa na kambi ya Carrier Corps, wapagazi wa jeshi lao. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko risasi, na tume ya makaburi ya vita haikuwawekea mawe yenye majina. Walipewa Sanamu ya Askari pale Posta, mwaka 1927, wagawane wote. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri ubaguzi huo na kuomba radhi. Tulikasirika mitandaoni, na mimi nilikuwemo, tena kwa herufi kubwa.

Lakini mwaka 1968, barabara ilipohitaji eneo la makaburi ya Ocean Road, askari zaidi ya 600 wa Vita ya Kwanza walihamishiwa makaburi mapya ya vita, na waliokuwa na majina walihama nayo. Mawe yao yanatunzwa mpaka leo. Wapagazi walinyimwa majina na wageni. Bibi yangu alikuwa nalo, tukalipima sisi wenyewe.

Mtaniambia kijana mwenye njaa hana muda wa marehemu. Sawa. Basi tumbane anayenunua: atakayekutwa na msalaba au kibao cha kaburi anyang'anywe leseni. Halmashauri iwe na daftari la kaburi kwa kaburi. Na wewe unayesoma hii kwenye simu, nenda nayo makaburini Jumamosi, upige picha kila kibao kilichobaki, hata cha usiyemjua.

Mimi nimemwaga zege. Jina nimeliandika kwa msumari, herufi zimepinda. Mwaka wa kuzaliwa nimeuacha wazi. Nyumbani hakuna anayeukumbuka. Ulikuwa kwenye ule msalaba tu.