Marando si Mizizi

Neno marando husikika sana kila mvua zikaribiapo, lakini si wote walitumiao sawasawa. Wako waitao marando yale majani ya viazi vitamu yapikwayo kuwa mboga. Hayo jina lake ni matembele. Wengine husema kwamba marando ni mizizi, nao pia wamekosea. Marando ni mashina ya viazi vitamu yatambaayo juu ya ardhi, na hasa vile vipande vikatwavyo ili kupandwa.

Shina hutambulika kwa vifundo vyake. Penye kila kifundo huota jani, na kandokando ya jani pana jicho. Kifundo hicho kikigusa udongo wenye unyevu hutoa mizizi. Mzizi wenyewe hauna vifundo wala majani. Wataalamu wa mimea huita stoloni lile shina jembamba litambaalo mbali na mmea wake na kuzaa mche mpya penye kifundo, kama la stroberi. Shina lipitalo chini ya ardhi huitwa rizomi. Marando si stoloni hasa, maana ndiyo mashina yenyewe ya mmea, lakini kanuni ni moja kwa yote: penye kifundo ndipo penye uhai.

Mkulima aijuaye kanuni hiyo hukata marando ya urefu wa futi moja hivi, akafukia vifundo viwili au vitatu na kuiacha ncha nje. Tena huchagua. Kipande cha shina si kama mbegu; ni mwili ule ule wa mmea uliokatwa. Ikiwa mmea huo una ugonjwa wa virusi, majani yake yakawa madogo, yamejikunja na kugeuka rangi, marando yake huupeleka ugonjwa huo mpaka shamba jipya. Marando ya namna hiyo hayafai hata yakitolewa bure.

Kanuni hiyo hiyo humponza asiyeijua alimapo penye sangari. Huona nyuzi nyeupe ardhini, akaziita mizizi, akazikatakata kwa jembe na kuziacha humo humo, akidhani kwamba mmea uliokatwa mizizi hufa. Kumbe nyuzi hizo ni mashina yenye vifundo, na kila kipande chenye kifundo chaweza kuwa sangari mpya. Alikusudia kung'oa adui mmoja, naye amepanda wengi kwa mkono wake mwenyewe. Yafaa achimbe wakati wa kiangazi kwa jembe la meno, aviokote vipande vyote, na kuvianika juani mpaka vikauke kabisa.

Basi kulijua neno moja kwaweza kuokoa kazi ya msimu mzima. Aonaye uzi ardhini na autazame kwanza: ukiwa na vifundo, huo si mzizi.