Barafu Yaondoka, Mashoka Yabaki

Mtu wa Pwani akisikia neno barafu hukumbuka bilauri ya maji ya ukwaju wakati wa kaskazi, au vile vipande vinavyotandazwa juu ya samaki wasioze kabla ya kufika sokoni. Barafu ya kukwewa kama mnazi hatuijui. Mimi nami sikuijua mpaka mwezi wa Februari, nilipokuwa mgeni wa Mtaliana mmoja ambaye kwa miaka mingi amekuwa akija Malindi kukimbia baridi ya kwao. Kiswahili chake ni cha Malindi hasa, hata matusi. Safari hii alitaka niende mimi nikaione baridi anayoikimbia.

Kwao ni kaskazini ya Italia, katika milima ya Dolomiti, chini ya Marmolada, mlima wenye kilele cha mita 3,343, mrefu kupita yote ya safu ile. Asubuhi ya siku ya tatu akaniambia, "Leo nitakuonyesha watu wanaokwea dari." Nikadhani ana maana ya mafundi wa kuezeka.

Tulikwenda kwa gari mpaka upande wa Malga Ciapela, tukashuka, tukatembea kidogo juu ya theluji. Nilikuwa bado najifunza kuvikokota viatu vya kuazima nilipoambiwa tumefika. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Nilidhani milima ya watu hawa ni ya kwenda siku tatu na mizigo mgongoni, na hapa wazee walikuwa wamekuja na mbwa wao na chupa za chai. Mbele yetu palikuwa na pango la mwamba wa kijivu, dari lake limetokeza nje kama roshani ya nyumba ya kale mjini Lamu. Wenyewe wameliita kwa Kiingereza Tomorrow's World, yaani Dunia ya Kesho.

Darini walining'inia vijana wawili. Kila mmoja ana shoka dogo katika kila mkono, lenye mdomo uliopinda kama mdomo wa kasuku. Aliyepata kumwona fundi wa jahazi akishika tezo yake atanifahamu. Chini ya viatu wamefunga meno ya chuma. Kijana hutafuta kitundu au ufa katika jiwe, hutia ncha ya shoka, hujaribu kama limeshika, kisha hujiachia mzima mzima, miguu hewani, akaenda kutafuta kitundu cha pili. Kamba aliyojifunga hupita katika vyuma vilivyotiwa mwambani, ili akianguka asifike chini. Na huanguka! Sauti ya chuma kikikwaruza jiwe iliniuma meno kwa saa nzima. Mle pangoni, hebu lizingatie hili, hamkuwa na barafu hata chembe. Mashoka ni ya barafu, meno ya viatuni ni ya barafu, na ukuta ni mkavu kama kifuu. Mchezo wenyewe huitwa draitulingi, maana yake kupanda pakavu kwa zana za barafu.

Wana ugomvi wao pia, kama wapiga bao. Mtu anayening'inia darini aweza kuupachika mguu wake juu ya mkono wake mwenyewe, akapata kujiinua na kufika mbali zaidi. Wako wasemao huo ni ustadi. Wengine, hasa Wafaransa, wasema ni ujanja wa kukwepa kazi, nao hupanda bila ya kufanya hivyo. Mwenyeji wangu alilieleza jambo hili kwa ukali, nikajua yuko upande gani.

Asili ya mambo ni hii. Wapanda barafu tangu zamani walikuwa wakikuta sehemu za jiwe tupu katikati ya barafu, wakapita kwa shida ili wafike kwenye barafu tena. Mwaka 1994 Mmarekani Jeff Lowe, huko Vail katika jimbo la Colorado, alipita kwa mashoka chini ya paa la mwamba ili aufikie mchirizi wa barafu uliokuwa ukining'inia. Njia ile aliiita Octopussy. Watu wakaona kumbe ile sehemu kavu ndiyo yenye utamu. Hawakukawia kuiacha barafu yenyewe. Siku hizi hata mashindano ya dunia yanayoitwa ya kupanda barafu hufanywa zaidi juu ya kuta za mbao.

Pango lile lilipata jina kwa kijana wa Kiingereza, Tom Ballard. Mwaka 2016 alipanda hapo njia aliyoiita A Line Above the Sky na kuipa daraja ya D15, ambayo wakati ule haikuwa na ya kuipita. Mwaka uliofuata mwanamke wa Kitaliana, Angelika Rainer, akaipanda naye. Mamake Ballard, Alison Hargreaves, aliupanda ukuta wa kaskazini wa Eiger mwaka 1988 akiwa na mimba yake yeye Tom, na mwaka 1995 akafa katika mlima K2 huko Pakistan. Mtoto naye alifia Pakistan, katika mlima Nanga Parbat, mwaka 2019, pamoja na mwenzake Mtaliana, Daniele Nardi. Miongoni mwa waliokwenda kuwatafuta alikuwa Muhammad Ali Sadpara, Mwislamu wa milima ile ile, ambaye mwaka 2016 alikuwa mmoja wa watu watatu wa kwanza kufika kilele cha Nanga Parbat wakati wa baridi kali. Alikwenda kuwatafuta wageni mahali ambapo maporomoko ya theluji yangeweza kumchukua yeye. Mwaka 2021 K2 ilimchukua. Majina haya niliyasikia yakitajwa pale pangoni kwa sauti ya chini, kama sisi tunavyowataja manahodha waliopotea.

Adhuhuri ilinikuta pale. Maji ya chupa yalikuwa yameanza kushika barafu shingoni. Nikatawadha meno yakigongana, nikaelekea kusini-mashariki, nikasali rakaa mbili za msafiri juu ya koti. Wale vijana, bila ya kuambiwa na mtu, walinyamazisha mashoka yao mpaka nilipotoa salamu.

Baada ya hapo ndipo nikamuuliza mwenyeji wangu, barafu iko wapi basi? Akaelekeza kidole juu. Marmolada ina barafu yake ya kale. Katika Vita Kuu vya Kwanza askari wa Austria walichimba ndani yake mji mzima wenye njia za kilomita kadhaa na mahali pa kulala. Mtu hawezi kuchimba mji humo leo. Tarehe 3 Julai 2022 kipande kikubwa cha barafu hiyo kilikatika wakati wa joto, kikawaua watu 11 waliokuwa wakipanda. Mwaka 2024 vyama vya mazingira vya Italia vilionya kwamba huenda isifike 2040.

Mwenyeji wangu aliuona mchezo huu kuwa ni werevu wa binadamu: barafu imekosekana, ustadi haukufa. Mimi nilimpinga. Sikatai werevu wao, na vijana wale ni hodari kuliko mkwezi yeyote niliyepata kumwona. Lakini nimewaona wavuvi wa kwetu samaki walipopungua mwambani. Vijana wao wakajifunza kuwatembeza watalii kwa zile zile mashua, wakalishwa vizuri, na baada ya miaka kumi hakuna tena nyumbani mtu ajuaye kuhesabu ni samaki wa aina ngapi hawaonekani. Anayeona kwanza kwamba kitu kinaondoka ni yule aliyekuwa akikitegemea, na huyo akishapata kazi nyingine, nani atapiga kelele?

Liko na jambo la adabu. Mkwezi akichonga vipandio katika mnazi ataulizwa mnazi ni wa nani. Katika pango kama lile vitundu vingine vimetobolewa kwa mashine ili njia ipatikane, na vyote huzidi kukwaruzwa. Wapandaji wa Uskoti wana desturi kwamba mwamba wa mlimani haushikwi kwa mashoka mpaka uwe mweupe kwa baridi, na anayetaka kupanda pakavu hutafuta machimbo ya mawe yaliyokwisha kuachwa. Desturi ile naipenda. Lakini mwamba usipokuwa mweupe tena mwaka mzima, itakuwaje?

Jioni, tukinywa kahawa, mzee akatoa kitabu cha zamani chenye picha. Ilikuwa picha ya mlima wetu wenyewe, Mlima Kenya, na ule mfereji wa barafu baina ya Batian na Nelion ambao wapandaji huuita Diamond Couloir. Phil Snyder na Mkenya mwenzetu Thumbi Mathenge waliupanda kwa mara ya kwanza mwaka 1973. Miaka miwili baadaye Yvon Chouinard na Michael Covington wakaupanda moja kwa moja hadi juu. Ulikuwa na sifa Ulaya nzima. Mzee alisema alipofika Malindi mara ya kwanza aliweka nia kwamba siku moja ataupanda, kisha bahari ikamshika.

Nikamweleza niliyoyasoma. Mwanzoni mwa karne iliyopita mlima ule ulikuwa na mito 18 ya barafu. Ule mkubwa, wa Lewis, kati ya 1934 na 2010 ulipoteza sehemu tisa katika kumi za ujazo wake. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema mwaka 2021 kwamba barafu ya Afrika ya Mashariki huenda iishe kabla ya 2050, na ya Mlima Kenya mapema zaidi. Nikamwambia pia asiwasikilize wanaosema Mto Tana utakauka siku hiyo, kwani Tana hupata maji yake kwa mvua na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua, na Kipini itaendelea kuyapokea kama misitu itasalimika. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe," akaniuliza, "umepata kuiona?"

Nimezaliwa Kenya na nimekula chumvi nyingi. Nikamwambia kweli, kwamba barafu ya kwanza ya mlima niliyoitia machoni ni hii ya kwao. Akakifunga kitabu, akanimiminia kahawa nyingine.